Antena ardhini, ardhi hewani: kisa cha redio ya kristali iliyonyamaza Umoja

Kwa macho, redio ya kristali, ile isiyo na betri, ilikuwa imekamilika. Bomba la PVC la milimita 50 lililoviringishwa waya wa shaba mizunguko 80, kapasita ndogo ya plastiki iliyong'olewa kwenye redio ya mfukoni, diodi ya glasi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) na visikizio vya simu, vyote juu ya ubao wa kukatia mboga. Mwenyewe ni mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi ghorofa ya tatu kwenye ploti moja ya mtaa wa Umoja, Nairobi, na ubao huo ulikuwa uende kwenye maonyesho ya sayansi shuleni. Alifuata mchoro wa kitabu cha zamani bila kuacha hata nukta. Akavaa visikizio, akazungusha kitasa mwanzo hadi mwisho. Kimya. Hata mkwaruzo haukuwepo.

Akaipeleka kwa fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, mjini. Fundi akatazama sekunde chache tu. "Diodi imekufa, kijana. Weka hii." Ikawekwa. Kimya. Wiki iliyofuata ikawekwa ya tatu, nyeusi na nene kidogo. Kimya vilevile.

Sasa hapo ndipo kisa kinapovutia, kwa sababu diodi ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Watu huilaumu diodi kwa kuwa ndiyo pekee inayoonekana kuwa na siri ndani. Vingine vyote ni waya na bati, na waya nani ataushuku? Lakini mchoro ule ulichorwa kwa ajili ya nyumba nyingine kabisa: yenye mabomba ya maji ya chuma, uwanja nyuma ya nyumba, na duka linalouza visikizio vya ohm 2,000. Ploti ya Umoja haina kimojawapo.

Kabla ya kushika bisibisi, swali la kwanza ni kama kuna cha kusikia. Redio ya kristali ya aina hii hupokea mawimbi ya kati (MW), yaani AM kati ya 531 na 1602 kHz. Stesheni ambazo kijana wa Nairobi anazijua kwa majina ziko FM, juu ya 87 MHz, na koili hii haitazigusa. Kwa hiyo chukua redio ya betri yenye MW, nenda nayo juu ya paa saa sita mchana, na upitishe sindano polepole. Mchana ni muhimu: usiku mawimbi ya mbali huruka angani na kukudanganya kuwa bendi imejaa, ilhali hakuna hata moja lenye nguvu ya kuendesha redio isiyo na betri. Unatafuta stesheni inayosikika safi mchana hata ukiigeuza redio upande huu na huu. Katika kisa hiki ilipatikana moja tu ya maana, chini kidogo ya 700 kHz. Namba hiyo iandike. Hesabu zote za baadaye zinaitegemea. Kama huipati hata moja, jenereta ya mawimbi ya maabara ya shule, ikiwekwa kwenye AM, itakuonyesha angalau kama redio yenyewe ni nzima.

Baada ya hapo kila sehemu ipimwe peke yake. Huu ndio ugumu wa kazi hii: makosa manne yakiwa pamoja, ukirekebisha moja unasikia kimya kilekile, unaamua kwamba ulichorekebisha hakikuwa na shida, unakirudisha kilivyokuwa. Redio ya betri husamehe kwa kuwa ina vikuza sauti. Hii haina. Nguvu yote inayotikisa hewa sikioni imetoka kwenye antena, na ni kidogo kiasi kwamba uvujaji mmoja unaimaliza.

Koili ilipita mtihani. Mita ya kupimia umeme (multimita) ilionyesha ohm 1.1, inavyotarajiwa kwa mita 13 hivi za waya wa milimita 0.5. Kijana alikuwa ameukwangua vanishi kwa msasa vizuri, jambo ambalo wengi hulisahau. Waya wa shaba wa aina hii unang'aa kama uko uchi kumbe umevaa, na mita ikikataa kusoma chochote, anza hapo.

Visikizio navyo vilikuwa vizima. Ukivigusisha na betri ya volti 1.5 kwa kufumba na kufumbua, vilitoa mlio. Lakini vilikuwa vya ohm 32, na hapo pana tatizo. Koili na kapasita zikiwa kwenye mwitiko, yaani zimelingana na masafa ya stesheni, hufanya kama chanzo chenye ukinzani wa makumi hadi mamia ya maelfu ya ohm. Ukikibebesha ohm 32, ni kama kuteka maji kisimani kwa ndoo iliyotoboka chini: kamba unavuta, ndoo inapanda, juu inafika tupu. Kitabu kilidhani msomaji ana kisikizio cha kristali au cha ohm 2,000.

Dawa ya bei nafuu ni transfoma ya adapta ya zamani, ile nzito, si chaja nyepesi ya simu. Chaja za siku hizi ni za saketi ya kukatakata umeme na transfoma yake ndogo haifai hapa. Adapta nzito ya simu ya mezani au ya kinanda ina transfoma ya 230 kwa 9. Uwiano wake ni kama 25.6 kwa 1, na ukinzani hubadilika kwa mraba wa uwiano, yaani mara 655 hivi. Unganisha visikizio vyote viwili mfululizo kwa kutumia ncha ya plagi na pete iliyo jirani nayo, bila kugusa pete nyingine, na unapata ohm 64. Zidisha: kilo-ohm 42, na hizo diodi inaweza kuzibeba. Upande wa volti 230 ndio unaoelekea kwenye diodi, upande wa 9 kwa visikizio. Adapta nyingi zina diodi na kapasita zao ndani. Zitoe, ubaki na transfoma tupu. Na kabla ya yote, kata zile pini za kuingia ukutani uzitupe. Mdogo wake mtu akizikuta pini hizo akazichomeka soketini, umeme wa stima utapita kwenye koili ambayo mtu ameishika.

Wasio na transfoma hutumia kile kisahani cha shaba cha kengele ya saa ya ukutani au kadi inayoimba. Kinafaa, ila kiwekewe kipinga cha kilo-ohm 47 hadi 100 sambamba nacho. Bila kipinga hicho, kisahani hujaa chaji kama kapasita, diodi inajifunga, sauti inakwaruza kisha inafifia.

Tukaja kwenye waya wa ardhini. Kitabu kilisema "unganisha kwenye bomba la maji", na kijana akafunga waya kwenye mfereji wa sinki. Mfereji ni chuma kweli, lakini nyuma ya ukuta, sentimita chache tu, unaingia kwenye bomba la plastiki linalopanda hadi tangi la plastiki juu ya paa. Ardhi yake ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inia ukutani.

Antena ikawa kinyume chake. Alitumia waya wa kuanika nguo juu ya paa, mita 15 za chuma, mrefu na wa juu, wa kupendeza kabisa. Ila nguzo zake za chuma zimezamishwa kwenye saruji ya paa na kugusana na nondo. Mita kati ya waya wa nguo na grili ya dirisha ilisoma karibu sufuri. Mawimbi yalikuwa yanateremka kwenye nondo za jengo bila hata kupita kwenye koili. Ndiyo maana ya kichwa cha makala haya: antena yake ilikuwa ardhini, ardhi yake ilikuwa hewani.

Kosa la nne ndilo la kujifichia, na hilo ndilo lingemtesa hata baada ya kurekebisha mengine yote.

Ile kapasita ya plastiki ya redio ya mfukoni si moja. Redio yenye AM na FM ina vipande vinne ndani ya kijumba kimoja: viwili vya AM, kimoja cha takriban pikofaradi (kipimo cha kapasita) 140 na kingine 60, na viwili vya FM vya takriban 20 kila kimoja. Miguu haina maandishi, na mpangilio wake hutofautiana. Kijana alichukua miguu iliyokuwa rahisi kulehemu. Ilikuwa ya FM.

Fanya hesabu uone. Koili yake ya mizunguko 80 kwenye bomba la milimita 50 ni mikrohenri (kipimo cha koili) 237 hivi. Tuseme antena ingekuwa sahihi, nayo inaleta pikofaradi 100, na koili na nyaya zinaongeza kidogo. Kitasa kikiwa wazi kabisa jumla ni kama 125, kikifungwa ni 140. Hiyo inasogeza redio kutoka 925 kHz hadi 875. Mzunguko mzima wa kitasa, kHz 50 tu, kwenye bendi yenye zaidi ya kHz 1,000. Stesheni pekee ya maana iko chini ya 700. Angezungusha hadi kitasa kichakae.

Kutambua miguu kunahitaji mita yenye kipimo cha kapasita. Funga kitasa kabisa, gusa mguu wa pamoja (unaotumiwa na vipande vyote) pamoja na kila mguu mwingine kwa zamu: kinachosoma 0.14 nF, yaani pikofaradi 140, ni cha kwanza, 0.06 ni cha pili, na kinachosoma karibu na sufuri ni FM. Kisha unganisha 140 na 60 sambamba upate 200.

Lakini hata 200 haikutosha kwa koili ile, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Mchoro wa kitabu ulikuwa wa kapasita kubwa ya hewa ya pikofaradi 365, ambayo kwa mizunguko 80 ingefika chini hadi 531 bila shida. Kwa 200 pamoja na nyongeza ndogo ya nyaya, koili hiyo inakomea 713 kHz. Stesheni inakaa pale nje ya mlango. Ungeweza kuiburuta kwa kuunganisha antena juu kabisa ya koili ili uzito wake wa pikofaradi 100 usaidie, ila antena ikikaa hapo inailegeza koili, na kila kitu kinasikika kila mahali.

Njia ya sawa ni kuongeza mizunguko. Kanuni ya koili ya tabaka moja, kwa sentimita na mikrohenri, ni hii: 0.394 zidisha mraba wa nusu kipenyo zidisha mraba wa mizunguko, gawanya kwa jumla ya nusu kipenyo mara 9 na urefu wa koili mara 10. Bomba la milimita 50, waya wa 0.5 uliobanana, mizunguko 130, urefu wa sentimita 7 na kidogo: unapata 440 na ushei. Pamoja na kapasita ya 200, redio inatoka takriban 520 hadi 1,380 kHz. Sehemu ya juu ya bendi imepotea, lakini huko hapakuwa na mgeni wa kungojewa. Waya ukiwa mwembamba, 0.4, mizunguko 117 inatoa karibu kipimo kilekile.

Koili hiyo mpya inahitaji kama mita 21 za waya zisizo na kiungo, kwa hiyo ule wa zamani haukutosha. Ulitoka kwenye TV ya mgongo iliyokufa: koili kubwa ya duara iliyofungwa tepu nyeusi kuzunguka kioo. Aitoe fundi, si mwanafunzi, kwa maana kioo hicho huweza kushikilia volti elfu kadhaa muda mrefu baada ya kuzimwa. Ukipewa, kwangua ncha: rangi ya shaba chini, chukua, rangi ya fedha chini, hiyo ni aluminiamu, risasi ya kulehemu haitaishika, mrudishie.

Uviringishaji ulifanywa hivi. Matundu mawili ya milimita 2 kwenye bomba, waya ukapitishwa kuushikilia. Ncha ya kwanza ni ya ardhini. Kwenye mzunguko wa 15, 25 na 40 ukasokotwa kitanzi cha sentimita 2 bila kukata waya, kwa ajili ya antena. Kitanzi kingine kwenye wa 65, kwa ajili ya diodi, ili nayo isiielemee koili yote. Vitanzi vikakwanguliwa mwishoni, si wakati wa kuviringisha, maana mkono ukiteleza mizunguko yote hufumuka. Ukilehemu diodi ya jermaniamu, kama ile ya kwanza, ishike mguu kwa koleo kati ya glasi na chuma cha moto. Joto huiua haraka kuliko ile ya silikoni.

Antena: mita 20 za waya wa kawaida wa nyumba wenye plastiki, mita 8 zikitandazwa juu ya paa kwa kamba ya nailoni bila kugusa nguzo, na 12 zikishuka hadi chini. Redio ilihamishwa chini, karibu na ngazi, badala ya kuburuta waya wa ardhini hadi ghorofa ya tatu. Waya ukae mbali na kisanduku cha mita za stima, na kamwe usipite juu wala chini ya nyaya za umeme zinazoingia kwenye jengo. Ukikatika upepo ukauangusha juu ya hizo, hilo si jambo la redio tena.

Ardhi: fimbo ya chuma chenye zinki ya mita 1.2, ya kukatiwa kwa mafundi wa chuma wa Kamukunji, ikagongwa nyuma ya ploti pale maji ya kufulia yanapopita. Msimamizi wa ploti aulizwe kwanza bomba la maji taka limepita wapi. Udongo mweusi wa Eastlands, upande huu wa mashariki wa Nairobi, ni mzuri sana ukiwa na maji na ni adui ukikauka. Januari na Februari hupasuka ukaiachia fimbo ikisimama kwenye ufa. Ndoo moja ya maji jioni inatosha kuurudisha. Anayelazimika kubaki ghorofani atandaze mita 10 za waya sakafuni kando ya ukuta aziite ardhi. Si sawa na fimbo, ila ni bora mara nyingi kuliko mfereji wa sinki.

Redio ikasema siku ileile. Antena kwenye kitanzi cha 40, kitasa kikiwa katikati hivi, sauti ya mtangazaji ikatoka, nyembamba lakini maneno yote yakishikika. Kwenye kitanzi cha 25 ilipungua kidogo na kuwa safi zaidi. Huko ndiko ilikobaki.

Hapo, na si kabla, ndipo majaribio ya diodi yana maana. Ile ya kwanza ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kiberiti. Kwenye kipimo cha diodi cha mita ilisoma 0.28, namba ya jermaniamu. Ilitoka kwenye redio ya zamani ya transista. Ya pili, ya fundi, nayo ya glasi, ilisoma 0.61. Hiyo ni 1N4148 ya silikoni, na kwa jicho inafanana na mwenzake. Ya tatu ilikuwa 1N4007, ya kugeuza umeme wa stima. Kwenye redio iliyokwisha kusema, ya jermaniamu ilitoa sauti kamili, 1N4148 mnong'ono usioeleweka, 1N4007 kimya. Silikoni hudai karibu nusu volti kabla ya kufungua mlango, na antena ya Umoja haina nusu volti ya kutoa. Ukikosa jermaniamu, tafuta BAT85 au BAT46 za Schottky, aina ya diodi inayofunguka kwa volti kidogo. Ile 1N5819 iliyomo kwenye chaja za simu hujaribiwa na wengi; inasikika, lakini ina kapasiti kubwa ndani yake na huvuja, basi stesheni husogea na kupanuka.

Wapo watakaouliza kuhusu wembe na penseli, kama walivyofanya wanajeshi wa Vita vya Pili kule Italia. Inafanya kazi, kwa subira nyingi. Na jiwe la galena, lililowahi kuchimbwa Kinangoni kule Kilifi, ndilo kristali yenyewe iliyoipa redio hii jina. Lakini usipande basi la Kilifi kwa ajili ya diodi moja, na usianze na wembe kabla redio haijasema kwa diodi unayoijua. Utakuwa umejiongezea kosa la tano.

Siku mbili baadaye ngurumo ya stima ikaanza kusikika chini ya sauti ya mtangazaji. Mtu angerudi kwenye diodi. Ilikuwa klipu ya fimbo, iliyolegea baada ya mtu kuikanyaga akipeleka beseni. Ardhi ikikatika, redio nzima pamoja na mwili wa msikilizaji huelea na kunusa umeme wa ukutani. Klipu ikabadilishwa kwa bolti na nati.

Kwa ajili ya ukumbi wa maonyesho, ubao peke yake hautoshi. Ukumbi wenye paa la mabati hufunika mawimbi kama sufuria, kwa hiyo meza iombwe karibu na dirisha au mlango, antena itoke nje, na fimbo igongwe kwenye bustani mapema, ardhi ikiwa imemwagiwa maji. Kijana alibeba pia zile diodi mbili mbovu kwa kazi hii, zikiwa na klipu za kubadilisha haraka, ili anayeuliza asikie tofauti kwa sikio lake. Wingu likijikusanya, waya wa antena hutolewa kwenye koili na kufungwa moja kwa moja kwenye fimbo, redio ikawekwa ndani, hadi mvua ipite.